Siku Baba Barafu Alipoitia Bahari Chumvi

Wakati mtaa mzima unajipepea kwa vifuniko vya ndoo, yuko mwanamume mmoja anayekwenda kazini na sweta mbili, kofia ya sufu na mabuti ya mpira yanayofika magotini. Mgeni akimwona hudhani akili zimemruka. Wenyeji humwita Baba Barafu, naye huitika kama mtu aliyeitwa Mheshimiwa.

Kazi yake ni kugandisha maji. Kiwandani kwao, nyuma ya soko, kuna tangi kubwa la maji ya chumvi, tena si chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ni ya kumimina kwa gunia. Mitambo huyapoza maji hayo mpaka yawe baridi kuliko barafu yenyewe, na bado hayagandi, maana chumvi imeyashika. Humo hutumbukizwa makopo marefu ya bati yenye maji safi ya bomba. Baridi hupenya bati, chumvi haipenyi. Maji ya ndani yakishaganda, Baba Barafu huvuta kopo kwa winchi, hulichovya kidogo kwenye maji ya kawaida, na gogo la barafu huteleza sakafuni likilia kama kiatu kipya.

"Nchi nyingine hungojea msimu wa baridi," huwaambia wauza juisi wanaopanga foleni mlangoni. "Hapa baridi inaningojea mimi niamke."

Kuna jambo moja tu analojisifia kuliko barafu yake, nalo ni binti yake, kifungua mimba wake, aliyesomea mambo ya bahari mpaka akatunukiwa joho na kofia ya pembe nne. Tangu akiwa mdogo binti huyo alikuwa akibandika pua kwenye vioo vya nyumba ya samaki, lile jumba ambako watu huenda kutazama samaki na samaki huwatazama watu. Sasa jumba lilikuwa linatafuta mtu wa kuwaelezea wageni habari za bahari. Waombaji walichujwa wakabaki wachache, na kila mmoja akapewa Jumamosi yake ya kufundisha mbele ya watu. Akifanya vizuri, kazi ni yake. Akivuruga, arudi nyumbani kubandika pua.

Binti aliamua kuonyesha jinsi bahari inavyozunguka. Alipata tangi refu jembamba la kioo, akaliweka juu ya meza ya kulia chakula, familia ikahamia kula sakafuni.

"Pampu iko wapi?" baba aliuliza siku ya kwanza.

"Haina pampu, baba."

"Mwanangu, nimekaa na maji tangu hujazaliwa. Maji bila pampu ni maiti."

"Pampu ni joto na baridi. We kaa hapo, funga mdomo kidogo."

"Kidogo tu ndivyo awezavyo," mama akadakia kutoka jikoni.

Binti akaweka chupa ya maji ya moto upande mmoja, akadondosha rangi nyekundu karibu nayo. Upande wa pili akaweka kipande cha barafu ya buluu kielee. Barafu ilipoanza kuyeyuka, maji ya buluu yalizama taratibu kama pazia linaloshushwa, yakatambaa sakafuni mwa tangi kuelekea upande wa moto. Na yale mekundu, juu kabisa, yakaja kujaza nafasi. Baba Barafu alipiga magoti, pua kwenye kioo, akasahau hata kujisifu.

"Maji baridi ni mazito, yanazama," binti alimweleza. "Baharini, kwenye baadhi ya pembe za kaskazini na kusini kabisa, maji hupoa sana. Tena bahari ikiganda, barafu huiacha chumvi nyuma, kwa hiyo maji ya chini yake yanazidi kuwa na chumvi na kuwa mazito. Yanazama, yanasafiri kilindini mamia ya miaka, pengine elfu, ndipo yapande tena. Huku juu upepo unasukuma maji ya vuguvugu, nayo yanabeba joto kwenda nchi za baridi. Bila safari hiyo, wengine wangeganda zaidi na wengine wangeiva."

"Kwa hiyo bahari ni kiwanda cha barafu," alisema baba, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Kesho yake kiwanda kizima kilijua. "Mwanangu anaizungusha bahari ndani ya kioo," alimwambia msimamizi wake, mtu mwenye upara unaong'aa aliyeitwa Sahani. "Jumamosi njooni wote. Asiyekuja asinisalimie tena."

Wakaja kweli, na mabuti yao.

Jumamosi hiyo Baba Barafu alikabidhiwa kazi mbili tu: kuleta barafu ya buluu, na kujaza tangi maji ya bomba wakati binti akizungumza na mkurugenzi wa jumba, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Barafu aliileta, nzuri ajabu, buluu mpaka ndani, kwa kuwa aliikoroga rangi mpaka dakika ya mwisho kabla maji hayajaganda. Maji aliyajaza. Kisha akasimama akiyatazama, na hapo ndipo akili yake ilipoanza kufanya kazi, jambo la hatari siku zote.

Bahari gani haina chumvi? Watu wa nyumba ya samaki si wajinga, mmoja akichovya kidole je? Isitoshe, kiwandani baridi yote inatoka kwenye tangi la chumvi. Chumvi na baridi ni ndugu wa damu. Alikuwa na mfuko wa chumvi ya mawe kwenye gari, kwa maana yeye hatembei bila chumvi kama wengine wasivyotembea bila simu. Akamimina, akakoroga, akaonja, akatabasamu. Bahari kamili! Binti atashukuru baadaye.

Watu wakajaa. Binti akaeleza vizuri, sauti imenyooka, akaiweka barafu yake majini na kusema, "Sasa tazameni maji ya buluu yakizama."

Hayakuzama.

Yalitandaa juu, bapa, kama kifuniko cha sufuria. Chini maji yalibaki meupe, yametulia. Sahani akakohoa. Mkurugenzi akavaa miwani yake. Binti alisogeza barafu kidogo, akaisogeza tena, na shingoni mwake jasho jembamba likaanza kushuka. Kisha akachovya kidole, akaonja, akageuka polepole.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Umefanya nini?"

"Nimeongeza kidogo... uhalisia."

Mama, aliyekaa mstari wa mbele, akafumba macho. "Siku zote huyatia chumvi maneno yake. Leo imebidi ayatie na maji!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba Barafu alitamani sakafu ipasuke immeze na mabuti yake. Kujisifu kote kule, kiwanda kizima kimesimama nyuma yake, na mtoto ndiye anayelipia.

Lakini binti hakulia. Alitazama kile kifuniko cha buluu, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona ufunguo alioupoteza.

"Chekeni, lakini kwanza tazameni," alisema. "Barafu hii ni maji matamu. Inapoyeyuka kwenye maji ya chumvi, maji yake ni mepesi, hata yakiwa baridi. Yanaelea, yanaziba. Ndilo jambo linalowanyima wataalamu usingizi. Dunia ikizidi kupata joto, barafu nyingi ya nchi kavu inayeyukia baharini, palepale maji yanapotakiwa kuzama. Mzunguko unaweza kudhoofika, na mvua na majira ya watu walio mbali sana vikavurugika. Kwa kiasi gani, na lini, bado wanapima. Baba yangu amewaonyesha bila kukusudia."

"Nilikusudia kidogo," baba akanong'ona.

"Na je, unaweza kuufanya uzunguke tena?" mkurugenzi akauliza. "Hapahapa, kwa maji hayohayo?"

Binti akainamia tangi. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba jibu la swali hilo ndilo kazi yenyewe.

"Nahitaji baridi bila maji matamu," alisema, nusu akijisemea. "Baridi peke yake iingie..."

"Kopo!" Baba Barafu alipiga ukelele mpaka samaki wa tangi la jirani wakatawanyika. "Mwanangu, kopo! Baridi inapenya bati!"

Walitazamana, na wote wawili wakaanza kucheka kabla hata kopo halijapatikana. Likapatikana pembeni, kopo tupu la chakula cha samaki. Binti akaitoa barafu. Baba, kwa kikombe na kwa mkono wa mtu aliyezoea, akakwangua maji ya buluu ya juu bila kutikisa ya chini. Barafu ikapondwa, ikajazwa koponi, naye akanyunyiza chumvi ndani yake.

"Hapo ndipo mahali pa chumvi," binti akasema.

"Nilikuwa nakaribia," akajibu.

Kopo likatumbukizwa upande wa baridi. Binti akadondosha rangi ya buluu kando ya bati, na ukumbi mzima ukaacha kupumua. Tone likaning'inia. Likasita. Kisha likashuka, uzi mmoja wa buluu, ukanyooka mpaka chini, ukapinda na kuanza kutambaa kuelekea upande wa moto, na nyekundu ikaja juu yake kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Wafanyakazi wa kiwanda walipiga makofi na kugonga mabuti sakafuni. Sahani alipiga mluzi. Mama alisimama, akakumbuka kwamba amekasirika, akakaa, akasimama tena.

Mkurugenzi alimshika binti mkono. "Utaanza Jumatatu. Nataka matangi mawili, moja la kopo na moja la kosa. Watu waone yote mawili."

"La kosa nitalitia chumvi mimi mwenyewe," Baba Barafu akajitolea.

"Wewe," binti alisema huku akimkumbatia, sweta na yote, "utaleta barafu. Barafu tu."

Tangu hapo wauza juisi hawapati gogo lao bila kwanza kusimamishwa mbele ya lile tangi la kiwandani, waelezwe habari za ncha za dunia, kilindi, na safari ya miaka elfu. Wakati wote huo barafu inawayeyukia miguuni. Wakinung'unika, yeye huwanyooshea kulabu yake ya kuvutia magogo.

"Tulieni," huwaambia. "Mnazungumza na mtu aliyeisimamisha bahari kwa mkono wake, na akaiwasha tena."