Masizi Ndani ya Lori la Kijiji

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipoitwa mkutanoni ili tumfukuze mtu kijijini. Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Sisi wa Handeni tulikuwa tumehamishiwa mahali pasipo na kisima, na maji tukiletewa kwa mapipa na lori la kijiji kutoka mtoni Korogwe. Dereva alikuwa Mhina, mtu mkimya aliyeoa Makuyuni. Mimi nilikuwa fundi kijana, kazi nimejifunzia karakana ya shamba la mkonge.

Lori lilikuwa limeanza kunywa petroli kupita kiasi. Likipanda mlima na mapipa linagonga, linaishiwa nguvu, na maji yanafika watu wamekwisha kata tamaa. Wakasema Mhina anauza petroli njiani. Mkewe aliacha kupanga ndoo kwenye foleni ya maji pamoja na wenzake, kwa maneno aliyokuwa akiyasikia pale.

Mwenyekiti wa kijiji alipomuuliza pale mkutanoni, Mhina alijibu, "Mzee, mimi siuzi mafuta. Lori hili hata nikizima ufunguo, linaendelea kutetemeka lenyewe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa ugonjwa huo nilishauona karakanani. Nikasimama. "Mzee mwenyekiti, naomba niifungue injini kabla hamjaamua."

"Na usipokuta kitu?"

"Mtaamua mnavyoona."

Nilipoinua kifuniko cha silinda, masizi yalikuwa yameganda juu ya pistoni na kwenye vali kama ukoko wa ugali. Masizi ya namna hiyo yakishika moto hubaki mekundu, yakawasha petroli hata ufunguo ukizimwa. Mwenyekiti aligusa, akatazama kidole chake.

"Yametoka wapi haya?"

"Betri ni mbovu, mzee," Mhina akasema. "Nikisimama popote naliacha linaunguruma, choki nimeivuta. Niliogopa likizimika halitawaka tena, watu watakosa maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Choki ikivutwa huzidisha petroli: petroli nyingi, moto mdogo, na chujio la hewa lililojaa vumbi letu. Niliyalainisha masizi kwa mafuta ya taa, nikayakwangua kwa kibao, maana chuma kingechubua pistoni. Tukapata betri nyingine, na lori likapanda mlima bila kugonga.

Mwenyekiti hakuomba radhi mbele za watu. Alikwenda nyumbani kwa Mhina mchana, akakaa barazani akanywa chai, kila mtu akamwona. Wengine hawakufanya hata hilo. Baada ya mavuno Mhina na mkewe walihamia Makuyuni, nasi tukatafuta dereva mwingine.

Basi, mwanangu, gari lako la sasa halina choki, lakini masizi ni yale yale. Usiliache likiunguruma bure. Badilisha oili kwa wakati wake, safisha chujio la hewa, na ukiwa unazunguka mjini tu, mara moja moja lipe safari ndefu injini ipate moto sawasawa. Ukiona moshi mweusi, au likigonga mlimani, nenda kwa fundi mapema. Na mtu akisemwa kwamba ni mwizi, omba kwanza kifunguliwe kilichofungwa, mtazame wote. Mhina tulimsafisha jina, lakini hatukumrudisha.

Mungu akujalie safari za heri, aulinde ulimi wako usimdhulumu mtu, na nyumba yako isikose wageni.