Siku Niliyolikana Jina la Ngalula

Alhamisi ile tulikuwa bombani, mimi na Mama Ngalula, tunaosha samaki wadogo ambao dada yangu alinitumia kutoka Kapolowe. Nyumba zetu za mtaa wa Shituru zilijengwa mapacha: paa moja, ukuta mmoja katikati, bomba moja uani. Upande wa kushoto tuliishi sisi. Upande wa kulia aliishi yeye na mume wake, watu wa mkoa wa Kasai, waliofika mji wetu wa Likasi kwa kazi ya kiwandani kabla mimi sijaolewa. Ukuta ule ulikuwa mwembamba sana. Nikipiga chafya jikoni kwangu, yeye alinitakia baraka kutoka jikoni kwake.

Binti yangu wa mwisho nilimpa jina lake. Kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, wale wawili wanahesabiwa mtu mmoja. Mtoto akikojoa kitandani, mume wangu, Baba Kalenga, alitoka nje asubuhi na kumsalimia jirani kwa heshima zote: "Mama Ngalula, leo tena umelowesha godoro yangu?"

"Baba, unisamehe," yeye alijibu bila kucheka. "Nilikunywa maji mingi."

Mtoto naye aliingia kwake na kufunua sufuria bila kuomba. Angeomba nini? Sufuria ilikuwa yake.

Kila Alhamisi saa kumi, Wakristo wa mtaa wetu walisali pamoja, na Mama Ngalula ndiye aliyeongoza. Baada ya Injili hakutaka hotuba. "Sema kitu moja utafanya mbele ya Alhamisi ingine," alisema, na Alhamisi iliyofuata alikuuliza mbele ya wote kama umefanya. Aliniudhi kweli. Wiki ile niliahidi kuuzuia ulimi wangu kwa wifi yangu. Nilishindwa siku ya pili, naye alikuwa amenisikia kupitia ukuta. Pale bombani alicheka mpaka samaki wakamponyoka.

Kisha maneno yalianza, redioni na mikutanoni: Wakasai warudi kwao. Tulidhani ni maneno ya wakubwa, yatapita. Hayakupita. Wakaanza kufukuzwa kazini, kisha kwenye nyumba. Baba Kalenga akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule mutoto tumuite Mwansa kwanza. Njo jina ya mama yangu." Sikukubali, lakini sikukataa pia.

Walikuja saa nne asubuhi. Vijana, wenye marungu na mapanga. Wawili kati yao nilikuwa nimewafundisha katekisimu.

"Hapa kunaikala nani?"

Nikasema ni sisi, watu wa Kapolowe.

Mmoja aliinama mbele ya binti yangu. "Na huyu, jina yake nani?"

Mtoto akafungua kinywa. Nikamtangulia.

"Mwansa. Hatuko na undugu na Bakasai."

Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza.

Upande wa pili wa ukuta kitu kilianguka, kikombe labda. Vijana wakageuza vichwa, wakaenda huko.

Hawakuua mtu uani kwetu. Walitupa vyombo nje na kuwaamuru waondoke. Mama Ngalula alipita mbele ya mlango wangu na furushi kichwani, mume wake nyuma na sanduku. Alimtazama mtoto, mimi hakunitazama. Mtoto alitaka kumkimbilia, nikamshika gauni.

Walikwenda stesheni kama wengine wote, kungojea treni ya kuwapeleka Kasai. Treni hazikuonekana. Wiki zilipita, mvua ikanyesha, na watu walilala chini ya maturubai hadi kando ya reli. Mimi nilikuwa na sababu kila siku: mvua, homa, foleni ya unga. Ukweli ni kwamba niliwaogopa vijana kidogo, na niliyaogopa macho yake zaidi.

Alhamisi tulibaki wanawake watatu. Tulisoma habari ya Petro akimkana Bwana wake pale motoni, uani kwa kuhani mkuu. Tulipomaliza, hakuna aliyeuliza utafanya nini. Miaka mingi nilikuwa nimetamani nisiulizwe swali lile. Siku hiyo nilililia.

Na mtoto alikataa kuitika. Ukisema "Mwansa!", aligeuka kutazama nyuma yake, kuona ni mtoto gani anayeitwa.

Tukasikia kwamba treni iko njiani. Alhamisi iliyofuata nilisonga bukari, nikaweka samaki, nikafunga kwa kitambaa, nikamshika mtoto mkono. Kwenye lango la stesheni walisimama vijana, wengine wenye marungu. Tulipowakaribia, mtoto aliuchomoa mkono wake na kupotea kati ya watu.

Kichwa cha treni kilikuwa kinarudi nyuma kwenye reli, taratibu.

"Mwansa!" niliita. "Mwansa!"

Treni ilizidi kusogea.

Vijana walinitazama.

"Ngalula!" niliita. Kisha kwa nguvu zangu zote, "Ngalula!"

"Niko hapa!" Sauti mbili ziliitika pamoja, moja ya mtoto, moja imekauka.

Kijana mmoja akanizuia kwa rungu. "Mama, unatafuta nani?"

"Mutoto wangu. Anaitwa Ngalula."

Kisha akashusha rungu, nikapita.

Mama Ngalula alikuwa ameketi juu ya sanduku, amekonda, anakohoa. Mume wake alilala chini ya turubai. Mtoto alikuwa amekwisha kufunua sufuria kwenye mafiga. "Mama," aliniambia kwa mshangao, "ni maji tu."

Nikaweka chakula chini.

"Nilisikia," alisema yeye.

"Najua ulisikia. Unisamehe, dada yangu."

Nikasikia kikohozi chake na vilio vya watoto wa watu. Ndipo akamvuta binti yangu magotini pake.

"Weye njo nani?"

"Minye Ngalula."

"Na minye?"

"Weye Ngalula mukubwa."

"Basi, tule," akasema, na donge la kwanza akaniwekea mimi mkononi. Nililia mbele ya watu wote wale, bila aibu.

Baada ya kula akakumbusha kwamba ni Alhamisi. Tukasali pale pale. Kisha akaniuliza, kama zamani, "Mama Kalenga, utafanya nini mbele ya Alhamisi ingine?"

"Nitamuita jina yake. Mbele ya bantu."

"Alhamisi nitakuuliza."

Treni iliondoka Jumapili.

Miezi ilipita kabla ya mume wake kututumia habari kwa mdomo wa msafiri. Mama Ngalula hakufika Kasai. Alifariki njiani, wakamzika kando ya reli mahali treni iliposimama, mahali ambapo mume wake hakupajua kwa jina. Asubuhi iliyofuata mtoto alikojoa kitandani. Baba Kalenga alitoka uani kwa mazoea, akasimama mbele ya bomba, akarudi ndani.

Alinisamehe, sina shaka. Lakini msamaha haukumrudisha, wala haukufuta kile alichokisikia akiwa peke yake nyuma ya ukuta, saa ambayo alinihitaji.

Binti yangu sasa ana watoto wake. Anapokuja kunitembelea, namwita kutoka barazani, jina zima, mpaka mtaa wa pili wasikie. "Mama," hulalamika, "minye siko kiziwi!" Najua si kiziwi. Niliahidi, basi kila Alhamisi naketi na jibu langu tayari, na aliyesema ataniuliza hayupo.