Mkanda wa Mtu Aliyepanda Meno

Mume wangu alipofariki, mama yake alinyamaza. Alinyamaza tangu makaburini, na miezi miwili baadaye alikuwa hajatamka neno. Ukimwamkia shikamoo anatikisa kichwa. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Mashemeji zangu walianza kunong'ona kwamba tutamzika na yeye, nami niliogopa hivyo hivyo, kwa sababu katika nyumba ile tulikuwa tumebaki wawili.

Ndiyo maana gari la sinema lilipokuja kijijini kwetu Ihembe nilimshika mkono nikamwongoza hadi shuleni.

Gari lile tulilizoea. Lilileta filamu za kuchemsha maji, za kuogesha ng'ombe, za kupogoa mibuni, na kila filamu ikiisha mwenyekiti wa kijiji alisimama kuuliza tumejifunza nini. Siku hiyo lilitakiwa kuwahi kijiji cha Nyakakika jioni, kwa hiyo tuliangalia mchana, ndani ya darasa, madirisha yamezibwa kwa mikeka na majani makavu ya migomba.

Boksi la mkanda liliandikwa kahawa. Kahawa hatukuiona.

Kwanza alitokea mwanamke asiye na mdomo. Chini ya pua ngozi ilikuwa tupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Anapiga pasi, anatutazama. Jirani yangu aligeuka akamwangalia mama mkwe, kisha akaniangalia mimi. Nikatamani tuondoke, lakini mlango ulikuwa mbali na watu walibanana. Ikaja sebule yenye mazulia, watu wanakunywa chai, na katikati yao amesimama ng'ombe ambaye hakuna anayemwona. Bwana mmoja mwenye tai akainuka, akamkamua ndani ya kofia yake, akanywa. Meno yakaanza kumtoka, moja moja, yakidondokea kiganjani bila tone la damu. Akatoboa zulia kwa kidole, akayapanda kwa mstari. Mkanda ukaishia hapo.

Mwenyekiti alisimama, kwa mazoea.

"Haya, ndugu wananchi. Tumejifunza nini?"

Mtu wa mashine alikuwa analigeuzageuza boksi lake kama aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Bwana shamba akajikaza. "Nafasi. Mmeona alivyopima kati ya jino na jino? Nyie maharage mnamwaga tu."

"Na mbolea je?" akauliza mtu wa nyuma.

"Hivi zulia lile huoni lilivyochakaa? Hiyo ndiyo mbolea."

Katekista yeye alimpenda yule mwanamke. Alisema Hawa angeumbwa hivyo, leo tungekuwa bado bustanini.

"Na Adamu alilishwa tunda kwa sikio, mwalimu?" akauliza mama mmoja muuza ndizi. Wanawake wakacheka mpaka madawati yakalia.

Ndipo sauti ikatoka kando yangu, kavu, yenye mikwaruzo.

"Yule ng'ombe hajakamuliwa siku mbili. Kiwele kimejaa namna ile, nyie mnazungumza maharage."

Darasa zima likageuka. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Na yule bwana amekunywa maziwa amesimama. Mlitaka meno yabaki?"

Kwao, watu wa ng'ombe, maziwa hunywewa umekaa. Mimi nimezaliwa Songambele, kwa wakulima wa kahawa. Nilifundishwa hilo wiki ya kwanza ya ndoa, kwa kunyang'anywa kikombe.

Mwenyekiti alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama ametufafanulia. Maziwa tunywe tumekaa. Tawanyikeni."

Nitasema ukweli, furaha yangu haikuwa safi. Miezi miwili nimempikia, nimembembeleza, nimemwombea, na aliyemfungua kinywa ni ng'ombe wa ukutani. Nilimwonea wivu ng'ombe yule.

Njiani aliendelea. "Binti, pale kwetu nani anakamua siku hizi?"

"Shemeji huja kukamua, mama."

"Anakamua vibaya. Nasikia mlio wa maziwa kwenye chombo. Anaharakisha."

Kumbe muda wote alikuwa anasikiliza. Tukatembea kidogo, akanyamaza, moyo wangu ukashtuka kwamba amerudi kulekule. Kisha akasema, "Mwanangu hakunywa amesimama hata siku moja."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Ningeweza kuitikia tu. Lakini uongo haunikai mdomoni.

"Alikunywa, mama. Mlangoni pa jikoni, ukiwa umekwenda kanisani."

Akasimama. "Kila Jumapili?"

"Karibu kila Jumapili."

Akakaza kanga yake. "Na tumemzika na meno yake yote."

"Yote, mama."

"Basi ile filamu ni ya uongo," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akalia kweli, palepale njiani, kanga imeziba mdomo, nami nikalia naye, na watu waliotoka sinema wakatupita wakituamkia kwa adabu kana kwamba hawakuona kitu.

Jioni ile alimaliza sahani nzima ya ndizi na maharage, kisha akasema nimezidisha chumvi. Nilikuwa nimezidisha kweli.