Moyo Ulikuwa Wake

Habari za kifo chake zilinifikia akiwa ameshazikwa, maana Waislamu hawalazi maiti. Alikuwa muuza kanga hapa Voi, mwanamke wa asili ya pwani, na mimi nilikuwa jirani na mteja wake. Kiharusi kimemchukua. Nilipofika matangani nilikuta watu wameshapitisha hukumu: kajiponza kwa ukaidi, hospitalini alibishana na daktari. Kwamba alijiponza ni uongo mtupu! Nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Moyo wake ulikuwa ukienda ovyo, mara mbio, mara unasita, na akitoka uani hadi dukani pumzi zinamwishia. Kaka yake aliniomba tufuatane naye Nairobi. Daktari, kijana mpole, alieleza kwa Kiingereza huku akimtazama kaka mtu: mlango mmoja wa moyo umekaza, damu inatuama kwenye kifuko kidogo pembeni, na ikiganda humo kipande chaweza kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Angepitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, autanue ule mlango kwa puto. Kulikuwa na namna mbili: ya zamani, yenye maputo mawili, na mpya, yenye moja. Kaka akadakia, "Mpya! Nipe nitie sahihi."

"Hebu ngojeni kwanza," akasema mwenyewe kutoka kitandani. "Huo moyo ni wangu au wa kaka?" Akataka mirija ya namna zote mbili iletwe aione, kwani dukani kwake hakuna aliyenunua kanga bila kuikunjua kwanza. Kaka akaona haya, akanikonyeza nisitafsiri. Nikatafsiri. Ililetwa ile ya kufundishia, akaipapasa, akaikunja, akainua macho. "Daktari, mwanangu, mkono wako umezoea namna ipi?"

Daktari akacheka, akaacha Kiingereza chake. "Ya zamani, mama. Hii mpya nimeitumia mara chache."

"Basi nifanyie ya zamani. Mpya kajifunzie kwa kaka."

Pumzi zikamrudia. Daktari alimwambia wazi kwamba kile kifuko hakijazibwa, na kwamba dawa ya kuzuia damu kuganda ataimeza maisha yake yote. Akaimeza. Akarudi dukani, akaozesha mabinti zake, akabeba wajukuu. Kama ni kile kifuko kilichomuua, kimemuua kwa sababu hatuna mrija wa kukiziba, si kwa sababu aliuliza. Utakuja huo mrija, sina shaka, tena wa aina nyingi, kila muuzaji akisifu wake, nasi tutahimizwa tutie sahihi upesi. Ndivyo tulivyozoeshwa. Kwa chifu, shuleni, wodini, unainamisha kichwa na kusema asante. Mimi nimechoka! Kuuliza si ujinga, na daktari mzuri haogopi swali.

Nilipokuwa nikiaga, kaka yake alinivuta kando. "Najua utamwandika gazetini. Sema alikuwa mtiifu, hakubishana na mtu."

Namheshimu yule mzee, na amefiwa, Mungu ampe subira. Lakini hilo siliandiki. Marehemu alibishana, akaingia chumba cha upasuaji akijua anafanyiwa nini na kwa mkono wa nani. Msomaji wangu, siku ukilazwa, uliza. Wakikunyamazisha, bishana.