Ukoo ulinirithisha gemu za marehemu, kampuni inamtambua mama muuza vitunguu wa Tarakea

Wakuu kwema humu?

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, siyo cha jirani wala cha rafiki wa rafiki. Kama naongopa bando liishe kabla sijabonyeza kutuma.

Mimi ni kijana wa Kilema, Moshi vijijini, la saba langu ninalo, na nina banda la gemu hapa karibu na barabara. Banda lenyewe ni mabati, benchi na TV moja ambayo ukiipiga kofi upande wa kushoto rangi zinarudi.

Sasa nilikuwa na baba yangu mdogo, tumwite Deo. Alikuwa anapandisha wageni mlimani. Akishuka hataki kuona mtu, anawasha gemu mpaka mama mdogo anamletea mtori palepale kwenye kochi.

Huyu mzee hakuwahi kununua CD hata moja. Yeye kila kitu ananunua mtandaoni kwenye akaunti yake. Gemu za mpira, za magari, za vita. Na vitabu pia, akaunti ileile, kwenye tablet. Vitabu vya ndege na maua ya mlimani, ili akimdanganya mgeni amdanganye kwa uhakika.

Mwaka huu katikati baba mdogo akatutoka. Tukamzika vizuri, Mungu amlaze pema.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kugawa vitu vyake. Mwenyekiti wa ukoo ni baba mkubwa Protas, mtu ambaye akikohoa hata ng'ombe wanaacha kutafuna.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, kikabaki kwa mama mdogo na watoto, hilo halina mjadala. Koti la mlimani likaenda kwa shemeji. Ikafika zamu ya gemu.

Baba mkubwa akauliza, "Hizo gemu ziko wapi tuzione?"

Nikamwambia, "Baba, mashine ni hii hapa. Gemu zenyewe ziko mtandaoni."

"Nani anazilisha huko?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mwisho akasema apewe huyu kijana wa banda, mashine na gemu zote, ukoo umeamua. Muhtasari ukaandikwa, wazee wakasaini, pombe ya mbege ikazunguka.

Nikatoka pale najiona tajiri wakuu. Maana mnajua Desemba huku kwetu kulivyo. Wachaga wote wa Dar, Mwanza na Mbeya wanapanda nyumbani na watoto wao, na wale watoto wakikaa mgombani nusu saa wanaanza kuuliza gemu ziko wapi. Desemba ndiyo mwaka wangu. Ikinipita, naenda kufyeka majani ya ng'ombe mpaka Desemba nyingine.

Nikatangaza kijiji kizima kwamba banda linafunguliwa upya na gemu ambazo hata Moshi mjini hawana.

Nikawasha mashine. Ilikuwa imekaa muda mrefu imezimwa. Ikawaza, ikawaza, ikaniandikia kwamba inataka kuhakikisha mwenye akaunti ndiye anayecheza. Kwa hiyo imetuma code kwenye namba ya simu ya Deo, niiandike hapo.

Bila code hakuna gemu hata moja inayofunguka. Picha zake unaziona, zimepangwa vizuri kabisa, zote zina kikufuli.

Sasa laini ya Deo nani anayo? Ilikaa bila kutumika, mtandao ukaifunga. Simu yenyewe mama mdogo alishampa binti yake.

Ile mashine nikampelekea fundi mjini. Kaiangalia kama daktari akasema, "Mangi, hii ya kisasa. Ukiichokonoa wanaifungia mashine nzima, utabaki na kitu cha kuzuilia mlango."

Ikabidi niwaandikie kampuni wenye gemu. Kiingereza changu mnakijua, nikamtafuta binamu wa chuo anisaidie. Tukawaeleza kila kitu na tukawapigia picha muhtasari wa kikao cha ukoo, saini za wazee zote zinaonekana.

Wakajibu fasta. Wametupa pole nyingi. Halafu wakasema leseni ni ya mtumiaji mmoja, haiuzwi, haigawiwi, hairithiwi. Kama tunataka kubadilisha namba ya simu, Deo mwenyewe ajipige picha ameshika kitambulisho chake.

Chini wakauliza kama tumeridhika na huduma, tuwape nyota.

Nikampelekea baba mkubwa hayo majibu. Akavua kofia.

"Deo alilipa hakulipa?"

"Alilipa."

"Risiti?"

"Ipo kwenye email."

"Sasa alinunua nini?"

"Alinunua ruhusa ya kucheza, baba."

Akaigeuza kofia mkononi. "Mtu mzima. Ana mke. Ananunua ruhusa ya kucheza." Halafu akauliza, "Na hiyo picha wanayotaka, ile ya kwenye msalaba haitoshi?"

Nikamwambia kwenye msalaba hajashika kitambulisho.

Akasema wape nyota moja, na uwaambie kikao kijacho wahudhurie, wasiamue mambo ya ukoo wakiwa kwao.

Nikiwa nimekata tamaa nikapiga tu ile namba ya Deo, sijui hata nilitegemea nini. Ikaita.

Nywele zilisimama wakuu.

Akapokea mama mmoja. Kumbe mtandao ulishaiuza tena ile namba, na yeye kaisajili kwa kidole chake halali. Tumwite Mama Anosiata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ni kijana wako wa Kilema. Kuna code itaingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee tu."

Nasikia watu wa sokoni nyuma yake.

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Anajua kazi unayofanya?"

Akakata.

Simlaumu. Nchi hii mtu akikuomba code simuni, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa, unakata kwanza unauliza baadaye.

Baba mkubwa akasema nipe mimi nimpigie, mtu mzima anaongea na mtu mzima. Akaanza, "Mama, mimi ni mwenyekiti wa ukoo." Mama akamjibu, "Jana mmeleta kijana, leo mwenyekiti. Kesho mtaniletea paroko."

Baba mkubwa akamuapia mpaka kwa marehemu baba yake. Mama akasema, "Kama nyie ni watu, njooni Tarakea sokoni, kwenye vitunguu. Tapeli hawezi kuja kusimama mbele yangu mchana."

Mama yangu mzazi alikuwa anasikiliza. Akatoka nje, akarudi na jani la isale.

Kwa wasio wa huku: isale ni lile jani refu linalopandwa mipakani. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale umelishika, hata kama ulimchomea nyumba, kwetu hakatai. Akikataa, mabaya yanamgeukia yeye. Ni jani la mambo mazito.

Na sisi tukalipeleka Tarakea kuombea code ya gemu ya mpira.

Tukamkuta. Mama mnene mwenye macho ya kukagua, amekaa katikati ya vitunguu. Mama yangu akapiga hatua, akanyoosha isale kwa mikono miwili.

Wauzaji wakaacha kupima. Wenzake wanajua lile jani. Mmoja akaanza kunong'ona sijui nani kaua ng'ombe wa nani.

Mama Anosiata akasimama polepole. "Mmenikosea nini?"

Mama yangu akasema, "Bado hatujakukosea."

"Sasa isale ya nini?"

Nikajibu mimi, "Tunaomba code."

Muuza ndizi wa pembeni akasema, "Hili jani lilipatanisha watu waliokatana mapanga. Leo linaomba namba."

Mama Anosiata hakucheka. Alikuwa amebanwa kweli. Isale hawezi kuikataa, na code ameshaapa hamtajii mtu. Akaangalia jani, akaangalia simu, akaangalia jani.

Mwisho akalipokea. Akasema, "Redio ilisema nisimtajie mtu. Haikusema nisiandike kwa mkono wangu. Nitakuja mwenyewe."

Na alikuja wakuu. Mkesha wa Krismasi, mchana, na kikapu cha vitunguu cha kututembelea. Banda limejaa watoto wa Dar wamenuna, baba zao wamesimama mlangoni wananiangalia kama nimeuza hewa.

Code ikaingia. Mama Anosiata akajifunika khanga yeye na simu yake na rimoti ya gemu, hakuna aliyeona hata tarakimu moja. Tukasikia tu vidole vinabonyeza.

Vikufuli vikatoka vyote. Kwenye TV ikatokea maandishi makubwa: KARIBU TENA, DEO.

Watoto wakapiga kelele. Mama mdogo akaweka mkono mdomoni.

Mama Anosiata akageuka. "Deo ni nani?"

Baba mkubwa akajibu, "Kwa sasa, ni wewe."

Binamu wa chuo akajaribu kueleza. Kwamba kampuni haimjui mrithi, haijui ukoo, haijui kaburi. Inaijua namba. Mwenye namba ndiye mwenye gemu, na kila baada ya muda itauliza tena, kwa hiyo itabidi mama awe anakuja.

Krismasi tukachinja mbuzi. Wakati wa kugawa nyama mnajua kila mtu na fungu lake kwa nafasi yake kwenye ukoo, hakuna anayejipakulia. Likabaki fungu la Deo. Kimila nilidhani litaenda kwa mtoto wake.

Baba mkubwa akasimama nalo mkononi.

"Hawa watu wa mtandao tumewaandikia, tumewabembeleza, wamekataa kabisa kwamba Deo amekufa. Wanasema Deo yupo na simu anayo. Sisi ni nani tubishane? Fungu la Deo apewe huyu mama."

Watu wote tukamwangalia mama mdogo, maana ndiye mjane.

Mama mdogo akafikiri. Akasema, "Nyama apewe. Kitanda hapana."

Wakuu, nimecheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Akalichukua lile fungu akamkabidhi Mama Anosiata kwa mkono wake.

Banda langu limefanya kazi tangu mkesha ule mpaka leo, namshukuru Mungu na vitunguu.

Nilichojifunza: ile sehemu iliyoandikwa "Nunua", soma kilichoandikwa chini yake kwa herufi za sisimizi. Unaweza kuwa umelipia ruhusa tu, na ruhusa wanaweza kuizima wewe ukiwa umeshika rimoti. Kama gemu au kitabu kina CD au karatasi na unakimudu, chukua hicho, ukifa ukoo utakiona kwa macho. Na kama una mzee mwenye akaunti, mkae naye leo akiwa na uso wa kupiga picha.

Sasa naomba msaada wenu. Tablet ya vitabu nayo imeanza kutaka uhakiki, binti wa marehemu anataka vile vitabu vya ndege maana na yeye anaanza kupandisha wageni. Kuna mtu humu aliwahi kufanikiwa kurithi akaunti kwa njia halali? Mtiririke, nasoma wote.

EDIT: Mnaokuja PM kuomba namba ya Mama Anosiata "kwa utafiti", hapana. Halafu hamtamweza. Siku hizi akipigiwa na namba asiyoijua anapokea na kusema, "Deo hapa, sema shida yako, nipo na mteja."