Koti la Baridi ya Ng'ambo

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka, nayo ni siku baba yangu alipotundika barua ukutani. Ilikuwa barua ya chuo kikuu cha ng'ambo, iliyosema kwamba mimi, Ochieng, mtoto wa mkulima wa mpunga pale Ahero, nimekubaliwa kwenda kusomea uhandisi wa maji. Nilichagua maji kwa sababu kila msimu wa mvua kubwa mto uliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Nilitaka kwenda kujifunza namna ya kuuzuia, kisha nirudi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe hucheka nikiwa peke yangu, na kicheko chenyewe si kizuri.

Sasa na wewe, mtoto wa mwenzangu, umekuja na faili yako ya chuo cha ng'ambo kwapani, umekaa hapo unangoja nikupongeze. Nitakupongeza. Lakini wa kukupongeza ni wengi, na mimi nilipongezwa mpaka mikono ikauma kwa kusalimiwa. Leo acha nikueleze yale ambayo hao wengine hawatakueleza.

Wakati huo, miaka ya themanini ikielekea kuisha, barua ya ng'ambo haikuwa mali ya mtu mmoja. Yangu ilifika kwa sanduku la posta la shule, na mwalimu mkuu mwenyewe akapanda baiskeli akaileta nyumbani. Jumapili mchungaji akaisoma kanisani, akiitafsiri kwa Dholuo, lugha yetu, sentensi moja moja. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza watu wakapiga makofi, akina mama wakaanzisha wimbo, na habari ya ukurasa wa pili ikaishia hapo. Jumatatu baba akaipeleka Kisumu kwa fundi wa fremu. Ikarudi ndani ya kioo, ukurasa wa kwanza mbele, wa pili umewekwa nyuma yake, ikatundikwa sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Mgeni akiingia, alisimamishwa mbele ya barua kwanza, ndipo akapewa kiti.

Na mimi, niliyekuwa nawapita wenzangu wote kwa Kiingereza, niliisoma ile sentensi ya kwanza mpaka nikaikariri. Ukurasa wa pili niliutupia jicho siku ile ilipofika. Nikaona orodha na mistari ya kujaza, nikasema nitausoma baadaye. Hiyo baadaye ilipofika, ukurasa ulikuwa nyuma ya kioo, umepigiliwa misumari, na mimi nilikuwa naona raha mno kutazamwa na wageni. Singeweza kumwambia baba abomoe fremu yake.

Pasipoti siku hizo ilikuwa kazi ngumu. Barua ya chifu, barua ya D.O., mkuu wa tarafa, rudi kesho, rudi wiki ijayo. Mvua ikanyesha, ikaisha, ikarudi. Mimi nilingojea pasipoti, na barua ilingojea ukutani. Ilipotoka hatimaye, masomo yalikuwa karibu kuanza, na nyumbani kukafanywa maombi ya kuniaga. Shangazi Dorina, dada ya baba, alileta sanduku la nguo alilopewa siku ya harusi yake, akiwa amelifuta mpaka linang'aa. Mjomba alikuwa amekuja amevaa viatu vizuri. Alivivua palepale akanipa, akarudi kwake pekupeku. Baba alichukua koleo akang'oa misumari ya fremu mwenyewe, akanikabidhi barua, kisha akairudisha fremu tupu ukutani.

"Hapa tutaweka picha yako na ile kofia ya digrii," akasema.

Nairobi nilifika ubalozini kuomba viza nikiwa wa kwanza kwenye foleni. Mama aliyekaa dirishani, Mkenya mwenzetu, alisoma ukurasa wa kwanza akatabasamu. Kisha akaufungua wa pili. Ulikuwa umeshika gundi ya fremu pembeni, ikabidi autenge polepole kwa kucha.

"Hii fomu ya kukubali nafasi, uliwatumia?"

"Fomu gani, madam?"

"Hii hapa. Walitaka ujaze urudishe, pamoja na ya daktari. Wamesema usipojibu mpaka hii tarehe, nafasi wanapea mtu mwingine." Akaigusa kwa kidole. "Tarehe imepita kitambo, kijana."

Nilibaki nimeshika ukingo wa dirisha. Yule mama hakunifokea. Aliikunja barua vizuri, akanirudishia, akasema, "Enda nyumbani, uandike tena. Uombe ya mwaka ujao. Watu wengi wanafanya hivyo."

Mwanangu, nimeyarudia maneno hayo kichwani kila siku ya maisha yangu. Enda nyumbani, uandike tena. Hayakuwa maneno magumu. Kilichokuwa kimeharibika ni mwaka mmoja tu, na mtu wa umri wangu alikuwa na miaka ya kutosha. Lakini mimi nilikuwa nimeshaagwa. Nilikuwa nimeombewa, nimeimbiwa, nimevaa viatu vya mjomba. Kwetu mtu aliyeagwa kwa safari ya ng'ambo haonekani tena barabarani baada ya siku tatu akisema hakusoma ukurasa wa pili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Hakuna aliyeniambia hivyo ila mimi mwenyewe.

Basi la kurudi Kisumu hupitia Ahero. Liliposimama pale stendi asubuhi, akina mama wauza ndizi walikuja madirishani, na wawili kati yao walikuwa wameniimbia wiki hiyohiyo. Nilijifunika gazeti usoni, nikajifanya nimelala. Nyumbani kwetu ni mwendo mfupi tu kutoka pale. Basi likaondoka nami.

Nikashukia Kisumu, nikapata kazi soko la Kibuye kwa Mama Nekesa, mwanamke wa Bungoma aliyeuza makoti na masweta ya mitumba. Alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mzuri, na hakuniuliza mengi. Nilimwambia naitwa Tom. Kazi yangu ilikuwa kufungua marobota, kukung'uta nguo na kuzitundika. Nilijipa mwezi mmoja wa kutafuta namna ya kuomba chuo tena. Lakini vyeti vyangu vyote vya shule vilikuwa kwa baba, na kuvipata ni mpaka niende nimwangalie usoni. Mwezi ukaisha, nikajipa mwingine. Sikuandika barua nyumbani, maana ningeandika nini, na stempu ingekuwa ya wapi? Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, nikiwa ng'ambo.

Jumamosi moja nimeinamia robota nikichambua nguo, nikasikia sauti nyuma yangu. Baba alikuwa akiongea Kiswahili, kwa kuwa Mama Nekesa hakujua Dholuo, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha kutafuta neno moja moja.

"Mama, natafuta koti. Ile mzito kabisa."

"Ya wewe, Mzee?"

"Ya kijana yangu. Anasoma ng'ambo. Nasikia huko baridi iko mingi."

"Pongezi, Mzee. Amewaandikia?"

"Bado. Akiandika nitapata adres, nitatuma."

"Mwili yake iko aje?"

Baba alisogea karibu. Nilijua kwamba anatazama mgongo wangu. Kisha akasema, "Iko kama ya huyu."

"Tom, simama upimiwe koti."

Nikasimama. Sikugeuka. Nilikuwa nimekodolea macho kamba ya robota utadhani sijawahi kuona kamba. Koti likawekwa mabegani mwangu kutoka nyuma, zito, la rangi ya buluu iliyoiva. Hakuliweka Mama Nekesa. Baba aliushika mkono wangu wa kulia, akauvuta mkono wa koti mpaka kwenye kifundo kuona unafika wapi. Akafanya hivyo na wa kushoto. Kisha akapitisha viganja vyake mabegani, kutoka shingoni kwenda nje, kama alivyokuwa akininyooshea shati la shule kila Jumatatu asubuhi. Nilinusa ugoro wake. Nilikuwa natetemeka, na Mama Nekesa akacheka.

"Angalia huyu. Ameshikwa na baridi ya ng'ambo hapa hapa Kibuye."

Baba hakucheka. Mikono yake ilibaki mabegani mwangu kwa muda mrefu kuliko koti lolote linavyohitaji kupimwa. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuka tu. Singehitaji hata kusema neno.

"Inamtosha," akasema. Akalitoa polepole. Halafu akaniambia kwa Dholuo, "Erokamano, nyathina."

Asante, mwanangu. Mzee yeyote wa kwetu angemwambia hivyo kijana yeyote, na mimi nikalishikilia wazo hilo ili nisianguke. Nilipopata nguvu za kugeuka, kofia yake ilikuwa mbali, kule kwa wauza nyanya, na watu wengi katikati yetu. Ningeweza kukimbia nikamfikia. Sikukimbia.

Msimu wa mvua ulipofika mto ukaingia nyumbani tena, na baba akalala siku kadhaa kwenye unyevu akilinda mbegu zake. Kifua kikamshika. Haya niliyajua baadaye. Habari zenyewe zilinifikia siku nilipokuwa natundika masweta, redio ya Mama Nekesa ikiwa kwenye idhaa ya Dholuo kwa ajili ya wateja, na mtangazaji akasoma matangazo ya vifo. Alitaja jina la baba. Akataja Ahero. Akataja mama, akamtaja shangazi Dorina, kisha akasema marehemu alikuwa baba ya Ochieng, aliye masomoni ng'ambo.

Nilikaa chini juu ya nguo. Mama Nekesa akaniuliza redio imesema nini, nikamwambia kuna mzee amefariki Ahero na mtoto wake yuko ng'ambo.

"Maskini," akasema. "Sasa huyo mtoto atafika aje kwa mazishi?"

Nilifika. Nilipoingia uani shangazi Dorina alipiga yowe, "Amekuja! Ametoka ng'ambo!" na watu wakanipisha njia kwa heshima iliyonichoma kila hatua. Mama peke yake hakushangaa kuniona. Alinishika mkono, akaniingiza sebuleni, akafunga mlango. Fremu ilikuwa palepale ukutani, tupu. Chini yake, kwenye msumari mpya, lilitundikwa lile koti.

"Mama, mimi..."

"Najua," akasema. "Baba yako aliniambia jioni ileile aliyotoka Kibuye. Aliingia hapa akaketi, akasema, 'Nimemwona mtoto. Amekonda mabegani, lakini yuko mzima.' Mimi nikajifunga leso nije kukuchukua. Akanizuia. Akasema, 'Tukimwendea tutamwaibisha mbele ya watu. Nimemgusa. Atakuja mwenyewe.'"

Akanionyesha kiti cha baba. Kilikuwa kimehamishwa kutoka pembeni pake pa miaka yote, kikawekwa mlangoni, kikiangalia njia ya kutoka barabara kuu. Alikikalia hapo tangu siku ile mpaka alipolazwa. Chini ya godoro lake tulikuta vyeti vyangu vyote vya shule, vimefungwa kwa nailoni visilowe mto ukiingia.

Siku ya mazishi nilisimama nikawaambia watu ukweli wote. Ulikuwa rahisi kabisa kusema, na hilo ndilo lililonimaliza. Hakuna aliyenipiga wala kunicheka. Shangazi Dorina aliniuliza tu sanduku lake liko wapi, nikamwambia liko Kibuye, nimeweka hanga za kutundikia nguo ndani. Chuo sikuomba tena. Nilijaribu kujaza fomu mara moja, nikafika pale panapoulizwa jina la mzazi, nikaweka kalamu chini. Nikarudi kwa Mama Nekesa, safari hii kwa jina langu, na kazi hiyohiyo ndiyo imenizeesha. Mto bado unaingia Ahero.

Kwa hiyo, mwanangu, fungua faili yako tuisome pamoja, mimi na wewe, mpaka karatasi ya mwisho, na nyuma ya karatasi pia. Usimwachie mchungaji, usimwachie baba yako na furaha yake. Kinachotakiwa kujibiwa kijibu wiki hii. Usikubali kuagwa na mtu kabla viza haijagongwa, hata wakikuona una maringo. Lakini hayo ni ya karatasi, na karatasi zikikosewa huandikwa nyingine. Ninalokuomba hasa ni hili: ukikwama, Nairobi au huko huko kwenye baridi, ukifeli, ukifukuzwa, ukiishiwa, njoo useme. Njoo siku hiyohiyo, na aibu yako uibebe wazi mkononi. Watu wako wataguna wiki moja kisha watakula na wewe. Usidhani unawaficha. Wengine wanajua, wamekaa mlangoni, na hawana muda mrefu kama unavyofikiri.

Koti bado ninalo. Sijawahi kulivaa na sitakupa, utanunua lako. Mungu wa baba yangu akupeleke salama, akupe walimu wema na kitanda chenye joto. Na akikunyima hayo yote, akurudishe mchana, kwa barabara kuu, ukiwa umegeuza uso wako kwa wanaokungoja.