Betri Kwenye Kichanja cha Usipa

Kila nikifungua mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wadogo wa ziwani, jikoni kwangu, kabla hata sijawaosha, nasikia gitaa.

Nilikuwa kwenye umri wa kuchoka na nyimbo ambazo darasa zima lilizijua. Nilitaka zile za taratibu, za gitaa moja na mtu anayeimba kama hataki kusikika. Mbinga mjini sikuzipata. Kwa Bibi, kule Lundo, redio ilizinasa kutoka ng'ambo ya ziwa, zikija na kupotea kama upepo. Betri zikiisha nguvu nilizianika juani, kichanjani, katikati ya usipa, nikazigeuza pamoja nao, magamba yakininata vidoleni, mpaka redio yenyewe ikanuka samaki.

"Huyu naye anaumwa nini?" Bibi aliuliza kila wimbo ulipoanza. "Hebu weka kwaya, apone."

Siku moja nilikuwa narudi kutoka ziwani na ndoo kichwani, nikaisikia ile sauti ya chini kabla sijafika uani. Bibi alikuwa peke yake, anageuza usipa polepole, mkono wake ukilifuata gitaa. Aliponiona, akahamia haraka kwenye kwaya.

"Nilikuwa najaribu betri zako," alisema.

Nikatua ndoo, nikaanza kugeuza usipa wa upande wangu. Kwaya iliimba mpaka ikamaliza. Kisha Bibi, bila kunitazama, akanyoosha mkono kwenye redio, akamrudisha mgonjwa wetu.